Lori Lililokataa Kupiga Mluzi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya magari kati ya Sagana na Karatina, dirisha limeshuka nusu, nikiwaza mambo ya kazi. Lori la magunia lilikuwa limesimama ubavuni mwangu. Foleni iliposogea dereva wake akakanyaga mafuta, na chini ya ngurumo ya injini ukasikika ule mluzi mwembamba wa turbo, unaoanza chini na kupanda kadiri gari linavyopata nguvu. Kabla sijajua ninafanya nini, mkono wangu ulikuwa umeshika kitasa cha mlango na mguu mmoja uko tayari kushuka. Mwanangu aliyekaa nyuma akaniuliza, "Mum, unaenda wapi?" Mtu mzima, mvi zimeshaanza, katikati ya barabara, anataka kushuka akafungue geti lililong'olewa zamani.

Ninyi wa rika langu mliolelewa upande huu wa mlima mtanielewa. Kila nyumba ilikuwa na sauti yake ya jioni. Kwa jirani ilikuwa kikohozi cha ng'ombe, kwingine redio ya vifo na salamu. Kwetu, juu kidogo ya Ruring'u, ilikuwa mluzi wa lori la Baba. Alikuwa akibeba mchele kutoka Wang'uru, kule Mwea, na msimu wa nyanya alipitia Kagio. Lori likianza kupanda mwinuko wa kwetu, turbo ilipiga mluzi, na mimi niliacha chochote nilichoshika nikakimbia kufungua geti. Lilikuwa geti la mabati, zito, lenye mabawa mawili, na ilinibidi nisukume bawa moja kwa mgongo kisha nirudi kwa la pili. Lazima liwe wazi kabla lori halijafika, kwa sababu gari lililopakia likisimama pale kwenye mteremko huwa taabu kulianzisha tena. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu duniani, na niliifanya kwa majivuno makubwa.

Baba alipopita getini alitoa kichwa dirishani na kusema, "Maitu, umenifungulia?" Maitu, kwa Kikuyu, ni kusema "mama yangu". Mimi ni Wairimu, nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo mbele ya watu na nyuma ya watu aliniita mama, na mimi nilimjibu kwa sauti ya mama anayemkaribisha mtoto wake.

Alikuwa na kofia ya sufu, ya kahawia yenye mstari wa kijani, iliyofumwa na Mama. Baridi ya Nyeri mnaijua, hasa ile miezi ambayo ukungu haukumbuki kuondoka. Kofia hiyo haikutoka kichwani mwake ila kanisani na kitandani. Hata hivyo kila aliporudi kutoka Wang'uru nywele zake zilikuwa zimejaa pumba za mchele, zile takataka nyepesi zinazoruka kwenye kinu cha kukoboa mpunga zikiwasha shingo. Mama alimkalisha jikoni, akamchambua kama anachambua maharagwe, huku akimtania.

"Nilikufumia kofia nzuri hivi, na pumba zote ziko kwa nywele. Kwani huko Mwea hiyo kofia inavaliwa na nani?"

"Inavaliwa na mwenye kuihitaji kuliko mimi," Baba alijibu, akicheka.

Mimi niliamini kabisa. Nilijua moyoni kwamba huko Wang'uru kuna mpagazi maskini ambaye Baba anamwazima kofia wanapopakia magunia, kisha anairudisha. Kwamba Wang'uru ni joto na hakuna mtu anayehitaji kofia ya sufu huko, hilo halikunisumbua. Nilimwombea yule mpagazi kila usiku, baada ya kuwaombea nyanya na babu.

Baba alianguka huko huko, uwanjani mwa kinu, lori likiwa katikati ya kupakiwa. Moyo, walisema. Alikuwa ameenda kutafuta chai kibandani, akakaa kwenye benchi, na hakuinuka tena. Walimkimbiza hospitali lakini nadhani walikimbiza mwili tu.

Habari hizo zilitufikia mchana. Jioni nilikuwa nyuma ya nyumba, nimeambiwa na wala sijaelewa, nikisubiri mluzi, kwa sababu akili yangu ilikuwa inasema lori likija basi naye amekuja. Mluzi haukuja. Nilichosikia ni honi. Nilipotoka, lori lilikuwa limesimama nje ya geti lililofungwa, linatoa moshi mweusi kama mtu amechoma tairi, na anayeshuka ni dereva mwingine, rafiki yake Baba, uso umemshuka.

"Mama Wairimu, pole sana," alimwambia Mama. Kisha, kwa kuwa hakuwa na lingine la kusema, akaongeza, "Hii gari imenisumbua njia yote. Haina nguvu kabisa. Ni kama inajua."

Ni kama inajua. Maneno hayo aliyasema mtu mzima, tena dereva. Mimi ningeyakataa vipi?

Siku ya mazishi lori hilo ndilo lililobeba jeneza. Ndivyo wazee walivyotaka, mtu apelekwe na gari lake. Kutoka chumba cha maiti lilienda vizuri kwenye tambarare, lakini lilipofika mwinuko wetu lilikwama karibu kusimama. Waombolezaji waliokuwa wakitembea nyuma wakalifikia, wengine wakalipita. Moshi ulikuwa mzito hadi wanawake wakajifunika nyuso kwa leso. Nikasikia nyanya mmoja wa kanisani akinong'ona kwamba lori limekataa kumpeleka mwenyewe shimoni. Tulimzika kichwa wazi. Katika mfuko wa vitu vyake kutoka hospitali kulikuwa na viatu, saa, koti na leseni, kofia haikuwemo. Mama aliutikisa mfuko ule tena na tena mbele ya watu, akauliza, "Na kofia? Kofia yake iko wapi? Mnajua baridi ya huku." Nilifikiri yule mpagazi hakuwahi kuirudisha, na nikaacha kumwombea.

Baada ya mazishi familia ilikaa kwenye sebule yetu. Aliyeongea ni Anko Ndegwa, kaka mkubwa wa Baba, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya chini. Nataka niseme mapema kwamba hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka mingi nilimsimulia vibaya, lakini alikuwa amezika ndugu yake pekee. Alisema lori liuzwe. Kuna mtu wa Kagio anayelitaka hivyo hivyo lilivyo, tena Mama atapata kitu cha kuanzia duka.

"Haiuzwi," Mama alisema. "Nitaiendesha mimi."

Mama alikuwa na leseni ya magari makubwa. Baba ndiye aliyemfundisha, kwenye barabara nyoofu za Mwea kati ya mashamba ya mpunga, na alipofaulu mtihani walikubaliana wasitangaze. Aliitoa kwenye pochi akaiweka juu ya meza, karibu na chupa ya chai.

"Mama Wairimu," Anko alisema, "usitufanye tuzike tena. Hiyo gari imeua ndugu yangu."

"Gari haikumuua. Alikufa akingoja chai."

"Na kwa nini imekataa kupanda? Watu wote wameona."

"Imeharibika. Itatengenezwa."

Wakabishana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana hivi: mtu wa Kagio angekuja Jumamosi. Kama kufikia Jumamosi jioni Mama atakuwa ameleta mchele kutoka Wang'uru hadi kwetu, yeye mwenyewe kwenye usukani, lori limejaa, bila kuvutwa na mtu, basi hakuna atakayeligusa tena. Akishindwa, litaondoka na mtu wa Kagio. Anko alisema hayo akimwangalia kwa huruma, na huruma hiyo ilimkera Mama kuliko maneno yenyewe.

Asubuhi iliyofuata Mama alipanda kwenye lori, akavuta kiti mbele kwa sababu miguu yake ilikuwa mifupi kuliko ya Baba, akaliwasha. Halikuwa na mzigo wowote. Aliteremka vizuri hadi barabarani, akageuza, akajaribu kupanda. Nilisimama getini nikiwa nimefungua mabawa yote mawili. Lori lilinguruma na kutapika moshi, likaja polepole, polepole zaidi, hadi kuku wakawa wanavuka mbele yake bila haraka. Hakukuwa na mluzi hata kidogo. Vijana wa kituo cha bodaboda walikuwa wameacha kazi zao kutazama, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Imekataa mwanamke hiyo! Ati inataka mwenyewe." Wakacheka. Mama hakugeuza kichwa, lakini niliona mashavu yake yalivyokaza.

Tulilipeleka kwa Fundi Mutugi, Mmeru mnene aliyekuwa na gereji pale Ruring'u chini ya mikaratusi. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Mama alinibeba kila siku. Nilipewa tairi la kukalia na onyo la kutogusa kitu. Fundi alikuwa mwepesi wa maneno, anayeeleza kila anachofanya kama yuko redioni.

"Mama, wewe ona. Turbo ni feni tu," alimwambia Mama akichora kwa kidole kwenye vumbi la boneti. "Moshi ya ekzosi inazungusha huku, na huku inasukuma hewa kwa injini. Hewa ikiwa mingi, gari inakuwa na nguvu. Hewa ikikosa, unachoma dizeli bure, inatoka nyeusi. Hii yako haisukumi. Kwa nini haisukumi, hiyo ndiyo tutatafuta."

Alifungua kufuli ya kabini, akapiga pampu, na kichwa chote cha lori kikainama mbele, kioo kikitazama ardhi. Kwa mtoto lilikuwa jambo la kutisha kidogo, lori lililosujudu. Injini ikabaki wazi. Akaiwasha kwa kugusanisha vyuma vya stata kwa bisibisi, cheche zikaruka, akavuta waya wa mafuta kwa mkono.

Turbo ikapiga mluzi.

Niliruka kutoka kwenye tairi. Ulikuwa ule ule, mwembamba, unaopanda. Mama aliweka mkono mdomoni. Fundi akavuta tena, tena ukapanda, moshi mwepesi, safi. "Lakini hii iko sawa!" alisema. Akazima, akakishusha kichwa cha lori mahali pake, akamwambia Mama aliingize barabarani. Mama akapanda, akakaa, akaliwasha. Lori likatoka na moshi mweusi, likikokota miguu, bila sauti yoyote ya mluzi.

Hivyo ndivyo wiki ile ilivyokwenda. Fundi aliinamisha kichwa, akatia sabuni kwenye maji, akayapaka kwenye kila mpira wa hewa huku akijaza upepo wa kompresa ndani. Hewa ikivuja mahali, povu litachemka, alisema. Tulitazama wote watatu, tumebana pumzi. Povu lilitulia. Alifungua mdomo wa turbo, akatia kidole, akazungusha feni. Ilizunguka kama pia, haina mlegeo. Akafungua chombo cha chujio la hewa, akalitoa nje, akaliinua kwenye mwanga, akastaajabu.

"Gari ya Mwea, na chujio iko safi hivi? Na pumba zile zote! Bwana yako alikuwa anaichunga sana."

"Alikuwa anaichunga," Mama alisema.

Kila alipomaliza aliliwasha likiwa limeinama, nalo likapiga mluzi. Kila alipokishusha kichwa na Mama akakaa kwenye kiti, likanyamaza. Mama alimwambia kwamba hata hapo uwanjani halilii likiwa limeshushwa, naye akajibu kwamba kichwa kikiwa chini sauti inafunikwa, ni kawaida, na kwamba shida iko barabarani, injini ikipata kazi. Akabadilisha chujio la dizeli. Akakaza klipu zote. Siku ya Alhamisi maneno yalimpungukia, akawa anafanya kazi kimya, na kimya chake kilinitia hofu kuliko kitu chochote. Mwishowe akasema turbo itolewe ipelekwe Nairobi ifunguliwe kabisa.

"Itarudi lini?"

"Wiki ijayo, mama. Labda na ile nyingine."

Mama alienda akasimama nyuma ya lori, mahali alipodhani sionekani, akaegemeza paji la uso kwenye ubao.

Mimi nilikuwa nimeshajua kinachoendelea. Nilikuwa nimekijua tangu Jumanne, na nilikibeba peke yangu, nacho kilikuwa kizito kuliko mawingu ya mlima. Lori lilikuwa zima. Lilipiga mluzi kila mara ambapo hakuna mtu kwenye kiti cha Baba. Kichwa kikiinama, kiti kinabaki kitupu, hakuna anayeweza kukikalia, na lori linaimba. Kichwa kikishuka na Mama akikaa, linanyamaza. Yule dereva rafiki yake naye alikikalia, likanyamaza. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtoto. Baba hakutaka mtu kwenye kiti chake. Baba hakumtaka Mama kwenye kiti chake.

Sijui kama mnaweza kukumbuka jinsi mtoto anavyoweza kumchukia mtu aliyemlilia asubuhi hiyo hiyo. Nilimkasirikia Baba. Nilisimama mbele ya lori watu wazima walipokwenda kunywa uji, nikaliambia kwa sauti ya mama anayemkanya mtoto wake, "Wewe, wacha hiyo tabia. Ni Mama." Nikangoja. Matone ya ukungu yalikuwa yakiteremka kwenye kioo, na niliyachukua kuwa jibu.

Ijumaa asubuhi Mama aliniita nipande naye, wajaribu kwa mara ya mwisho kabla turbo haijatolewa. Nikakataa. Nilishika nguzo ya kibanda nikakataa, nami si mtoto wa kukataa. Alinivuta, nikapiga kelele. Alidhani naogopa gari, akachuchumaa mbele yangu, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi.

"Wairimu, ni nini? Niambie. Leo sina nguvu ya kubembeleza mtu."

Na mimi, ambaye nilikuwa nimeapa sitamwambia kamwe, nikamwambia.

"Baba hataki ukae kwa kiti yake."

Uso wake ulibadilika. Naapa nimeona watu wakipokea habari za msiba, lakini sijaona uso ukibadilika vile. Nikadhani nieleze, labda maelezo yatapunguza.

"Ikiinama inapiga mluzi kwa sababu hakuna mtu kwa kiti. Ikishushwa, ukikaa, inanyamaza. Hata kama haijatoka hapa. Hata kama imesimama tu. Kila mara."

"Ngoja," Fundi Mutugi alisema nyuma yetu. Alikuwa ameshika spana mkononi, na hakuwa akinitazama mimi, alitazama lori. "Ngoja, ngoja. Sema tena. Hata kama imesimama tu?"

"Nimekuambia hiyo tangu juzi," Mama alisema bila kugeuka. "Ukasema ni kawaida."

Fundi alizunguka nyuma ya kabini. Pale nyuma, mnajua, malori mengi yana bomba pana linalopanda hadi juu ya paa, ndipo injini inapovutia hewa, juu, mbali na vumbi la barabara. Bomba hilo limefungwa kwenye kabini. Chombo cha chujio kiko chini, kwenye fremu. Katikati kuna mpira wenye mikunjo kama sketi ya shule, ambao kwa upande wa chini haukufungwa popote. Kabini ikikaa chini, mpira unaukalia mdomo wa chujio na hewa inapita. Kabini ikiinama, bomba linaondoka pamoja nayo, na chujio linabaki mdomo wazi, linavuta hewa ya bure.

"Ngai wangu," Fundi alisema. "Si kiti. Ni bomba."

Aliinamisha kichwa haraka hadi lori zima likatikisika. Akaingiza mkono kwenye mpira ule, kutoka chini, hadi begani, shavu limebanwa kwenye bati. Hakufika. Akakunja waya wa ua, akatengeneza ndoano, akauingiza, akazungusha. Kikakwama kitu. Akavuta, na kikaanza kushuka kwa kusitasita, na pumba za mchele zikamwagika kwenye viatu vyake, nyingi, kavu, za dhahabu.

Kisha ikaanguka kofia.

Ilikuwa imebanana kuwa donge, imejaa vumbi, lakini mstari wa kijani ulionekana. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa, na alielewa yote kwa mpigo mmoja, nilimwona akielewa. Aliiokota, akaketi chini kwenye mchanga wenye oili na sketi yake nzuri.

"Alikuwa anaiziba," alisema. "Wakipakia. Pumba zisiingie kwa injini. Anavua yake anaivalisha." Akacheka, na kicheko kile kilikatika katikati kikawa kilio, kile ambacho hakukilia kaburini kwa sababu wageni walikuwa wengi. "Nikamuuliza mara ngapi, inavaliwa na nani. Mwenye kuihitaji kuliko mimi! Mjinga huyu. Ilikuwa ni lori."

Fundi Mutugi alivua kofia yake mwenyewe. Baadaye alieleza kwamba Baba aliiacha mdomoni mwa bomba alipokwenda kutafuta chai, akijua atarudi kuitoa, na yule aliyelirudisha lori hakujua, akawasha, hewa ikaivuta kofia ndani hadi kwenye kona. Aliyaeleza vizuri. Lakini mimi nilikuwa nimeshikwa na furaha ambayo niliionea aibu kidogo, pale Mama akilia. Baba hakumkataa Mama. Hakuwa amemkataa hata kidogo. Nilienda nikajibanza kwapani mwa Mama, naye akanishika bila kuiachia kofia, na pumba zikaingia shingoni mwangu zikaniwasha siku nzima.

Jumamosi Mama aliondoka alfajiri. Mtu wa Kagio alifika baada ya chakula cha mchana, akapewa kiti, akapewa chai, akatembea uani akipima kwa macho mahali lori linapolala. Anko Ndegwa hakukaa. Alisimama karibu na geti ameweka mikono nyuma, akitazama barabara, na kila gari lililopita huko chini lilimfanya anyooshe shingo. Ukungu ulishuka. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Mtu wa Kagio akatazama saa yake kwa adabu. Kisha akaanza kusema kwamba barabara ya Kutus ina matope, na kwamba mwanamke peke yake na magunia yote yale.

"Nyamaza," Anko alimwambia. Ndipo nilipoona kwamba alikuwa akiogopa, na kwamba hakuwa akiogopa kushindwa.

Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe nilipousikia. Mbali kwanza, chini kabisa, chini ya ngurumo. Ukapanda. Ukaendelea kupanda, mwembamba, safi, kupitia ukungu, mluzi wa Baba akija nyumbani.

Sikufikiri. Kikombe kilianguka. Nilikimbia uani nikiwa na povu mikononi, nikasukuma bawa la kwanza kwa mgongo, nikageukia la pili, na la pili lilikuwa tayari linafunguka. Anko Ndegwa alikuwa amelisukuma kwa mikono yote miwili, mzee yule, koti lake limekwama kwenye bati na hajali.

Lori lilitokeza kwenye ukungu limejaa hadi juu, likipanda bila kusitasita, taa zake zikiwaka. Nyuma ya kioo kulikuwa na kofia ya kahawia yenye mstari wa kijani. Nakiri, kwa muda wa pumzi moja nilikuwa nimempata. Nilifungua mdomo nimwite.

Likapita getini. Kichwa kikatoka dirishani, nywele zimejaa pumba chini ya kofia, uso umechoka, macho yanacheka.

"Maitu," Mama alisema, "umenifungulia?"